Nimeacha ugoro, mbona mdomo ndio kwanza unauma?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori, nakaa Tanga, nina miaka 38. Nimekula ugoro miaka kumi na moja, naweka mbele kwenye mdomo wa chini, siku nyingine mara kumi na zaidi. Leo ni siku ya 23 tangu niache. Wakati nakula sikuwahi kuumwa mdomo hata siku moja. Sasa mdomo mzima unawaka. Nina vidonda vitatu, viwili pembeni mwa ulimi na kimoja ndani ya shavu. Maji baridi siyawezi, na nikipiga mswaki natema damu. Pale nilipokuwa naweka ugoro pana weupe wenye mikunjo, ila hapaumi. Ili nisirudi, mfukoni sikosi karafuu na pipi za tangawizi. Mzee mmoja kijiweni ananiambia mwili umeshazoea, nirudishe kidogo halafu nipunguze taratibu. Nirudi? Na hii si saratani?"

Marahaba, mdogo wangu. Usirudi. Kuhusu saratani, kwa ulivyoeleza, vile vinavyokuuma havinitishi sana. Kisichouma, yaani huo weupe wa mbele, ndicho ninachotaka kikaangaliwe. Nitafika huko.

Kwanza nimtendee haki mzee wa kijiweni, maana hakusema uongo mtupu. Ukibwia ugoro sasa hivi, huenda ndani ya dakika chache ukajisikia nafuu. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi na inatuliza ule muwasho, na kichwa nacho kinapata kile kilichokuwa kinakililia. Mtu yeyote angeapa kwamba amepata dawa. Lakini ni kumziba mdomo mtoto anayelia kabla ya kuangalia nini kimemchoma. Miaka kumi na moja hukuumwa kwa sababu kilichokuwa kinakujeruhi ndicho kilichokuwa kinakutia ganzi.

Ugoro wetu, unajua mwenyewe, si tumbaku peke yake. Ndani yake mna magadi, yaleyale mama anayotia kwenye maharage yaive haraka. Bila magadi wazee husema ugoro "haupandi", na wana hoja: magadi ndiyo yanayoifungua nikotini kutoka kwenye jani ili ipenye ngozi laini ya mdomo na kuingia kwenye damu kwa kasi. Sasa fikiria kitu kinacholainisha maharage makavu kikikaa juu ya ngozi ya mdomo, mahali palepale, kila siku. Hata tukikisia mara kumi kwa siku, kwa miaka yako hiyo ni kama mara elfu arobaini.

Mdomo haukukaa bure kupigwa namna hiyo. Ulijikinga kwa njia ambayo mkono wa mkulima hujikinga na mpini wa jembe: uliota sugu. Huo weupe wenye mikunjo, kama vidole vilivyoshinda kwenye beseni la kufulia, kwa kawaida ni sugu hiyo. Umeacha jembe, sugu inaanza kubanduka, na chini yake pana ngozi mpya ambayo haijawahi kuonja chai ya moto wala pilipili bila kinga. Ngozi ya ndani ya mdomo hujifanya upya haraka, ndani ya wiki mbili hivi, kwa hiyo mabadiliko haya huja kwa kishindo. Ndiyo sababu mdomo mzima unawaka. Mwasho wa namna hii hupungua wiki hadi wiki. Ukiona unazidi badala ya kupungua, hapo hesabu nyingine inaanza.

Vidonda navyo vina historia yake. Watu walioacha sigara walifuatiliwa kitaalamu, ikaonekana kwamba takriban wawili katika kila watano walitoka vidonda vya mdomo, vingi katika wiki mbili za mwanzo, na wengi wao vikaisha ndani ya mwezi. Ugoro si sigara, lakini kinachoondoka ni nikotini ileile, na malalamiko ya walioacha ugoro ninayoyasikia chumbani kwangu yanafanana na hayo sana. Vidonda vya namna hii vina sura yake: ni vidogo kuliko punje ya mahindi, vya mviringo, katikati vina rangi ya maziwa yaliyoanza kuwa njano, na vimezungukwa na duara jekundu. Na vinauma kupita ukubwa wake, mtu unaweza kushindwa kula ugali kwa kitu kisichofika nusu ya ukucha. Kimoja hupona ndani ya siku saba hadi kumi na nne, halafu kingine kinaweza kuota pembeni. Hapa watu wengi hukosea hesabu. Wanasema "nina vidonda mwezi mzima" wakati vilikuwa vinne vilivyopokezana. Wiki mbili unazosikia zinatajwa na madaktari ni wiki mbili za kidonda kimoja, palepale, kisichohama wala kupungua. Kwa hiyo andika kwenye simu: "ulimi kulia, kimeanza tarehe fulani". Na hivyo viwili vya pembeni mwa ulimi, pitisha kidole kwenye meno yanayotazamana navyo. Kama lipo jino lililomeguka lenye ncha, huenda ndilo linalovikwaruza kila unapoongea, na vitapona siku jino litakapopigwa tupa.

Sasa karafuu na pipi zako za tangawizi. Nilipofika hapo kwenye swali lako nilitabasamu, maana nusu ya kesi yako naona iko mfukoni. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi, ndiyo maana bibi zetu waliziweka kwenye jino bovu, lakini mafuta hayohayo yanaunguza ngozi laini yakikaa muda mrefu. Tangawizi inawasha, mdalasini kwa watu wengine huchubua mdomo mzima, na pipi inayoyeyuka kutwa inalisha bakteria wanaotoboa meno. Umetoa kitu kimoja kinachochoma ukaweka viwili, tena juu ya ngozi isiyo na sugu. Acha vyote kwa siku kumi uone tofauti. Kama mdomo lazima ushughulike barabarani, tafuna bigijii isiyo na sukari, ile isiyo na mnanaa mkali, au kunywa maji funda moja moja. Vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, ambavyo najua madereva mnavipenda, ni tindikali na sukari. Viweke kando mpaka mdomo utulie.

Kwa damu ya mswaki, usilaumu kuacha ugoro. Fizi zako huenda zilikuwa zinaumwa zamani, kwa ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, uliojikusanya chini yake, ila nikotini ilikuwa imebana mishipa na damu haikujionyesha vizuri. Sasa mishipa imefunguka na fizi zinasema ukweli. Usiache kupiga mswaki kwa kuogopa damu, maana ukiacha itazidi. Tumia mswaki laini, mkono mwepesi, na panga siku ya kwenda kusafishwa ugaga. Kule kufa ganzi kwa meno ukinywa maji baridi ni jambo jingine, na hapa nitakuambia lisilopendeza. Vuta mdomo wa chini mbele ya kioo, utazame meno ya mbele. Ukiona yanaonekana marefu kuliko ya pembeni, na karibu na fizi yana rangi ya njano iliyokoza, basi fizi imeshuka na mzizi umebaki uchi. Fizi iliyoshuka hairudi yenyewe. Lakini ganzi hutulizwa: nunua dawa ya meno iliyoandikwa kwamba ni ya meno yenye ganzi, na uitumie kila siku wiki kadhaa kabla hujasema haifanyi kazi. Ukishapiga mswaki usiku, tema povu tu, usisukutue kwa maji, ili dawa ibaki kwenye mizizi.

Narudi kwenye weupe usiouma. Kila mwaka nakutana na mtu aliyekuja na jino linalomuua kwa maumivu, nikainua ulimi wake nikakuta chini kuna doa ambalo hakulijua kwa sababu halikuwa likimsumbua. Saratani ya mdomo ikiwa changa mara nyingi haina maumivu. Tumbaku isiyo na moshi, ukiwamo ugoro, imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, katika kundi la kwanza, yaani vitu vyenye uthibitisho kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu: ya mdomo, ya umio na ya kongosho. Sikwambii haya ili usilale. Weupe wa ugoro mara nyingi si saratani, na habari njema ni kwamba mtu akiacha, mwingi wake hutoweka ndani ya wiki sita hivi. Wewe uko wiki ya nne. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai, fanya hivi: osha mikono, simama mlangoni penye mwanga au washa tochi ya simu, vuta mdomo wa chini kama mtu anayeonyesha jino, upige picha. Kisha kausha pale kwa kitambaa safi upapase kwa kidole, taratibu. Ngozi laini inayonyumbulika ni dalili nzuri. Pakiwa na ugumu kama kuna kidonge chini ya ngozi, au pameinuka, au ndani ya weupe kuna wekundu kama mahameli, usisubiri Jumapili ijayo, nenda kesho yake. Wekundu ndio ninaouogopa zaidi ya weupe.

Jaribu pia kuufuta kwa kitambaa hicho. Sugu haifutiki. Ukifutika kama mtindi na kuacha pekundu, huo ni fangasi, unatibiwa kwa dawa ya kusukutua au vidonge. Fangasi wa mdomoni kwa mtu mzima ambaye hajameza antibiotiki karibuni wala hatumii dawa ya pumu ya kuvuta ni sababu ya kupima sukari na VVU, bila aibu na bila kujihukumu.

Katika mdomo uliobaki, angalia pembeni na chini ya ulimi, ndani ya mashavu, na paa la kinywa. Halafu papasa shingo chini ya taya pande zote mbili. Tezi gumu lisilouma na lisiloondoka, jino lililoanza kulegea bila sababu, sehemu ya mdomo au kidevu iliyokufa ganzi, kumeza kwa shida, sauti iliyokwaruza wiki tatu: lolote kati ya haya linakupeleka hospitali hata kama vidonda vyote vimepona.

Wasomaji wa Unguja, Mombasa na pwani yote wanaokula tambuu wasichukue jibu la ugoro wakalifanya lao. Tambuu ina popoo, na popoo hata bila tumbaku ndani yake iko kwenye kundi lilelile la kwanza la vitu vya saratani. Kisa chake ni tofauti. Mtu anaacha tambuu, anasubiri mwasho upungue, haupungui. Kila akila mchuzi wenye pilipili mdomo unawaka moto, na pole pole anagundua kijiko hakiingii vizuri. Popoo inafanya nyama ya ndani ya shavu ikakamae kama kamba, na ukipapasa unazisikia hizo kamba zimesimama wima kutoka taya la juu hadi la chini. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: fungua mdomo, ingiza vidole vyako mwenyewe vitatu vya katikati vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikigoma vitatu vikaingia viwili, nenda ukaonwe. Kuacha kunazuia hali isizidi, lakini kukakamaa kulikokwisha kutokea hakuondoki kwenyewe, na mdomo wa namna hiyo unahitaji kuangaliwa na daktari miaka yote kwa sababu hatari ya saratani inabaki. Mazoezi ya kupanua mdomo husaidia yakianza mapema.

Kwako wewe, dawa ya sasa ni ya bei ya chumvi. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua nusu dakika, tema, mara nne kwa siku na kila baada ya kula. Ladha iwe ya mchuzi, isiwe ya bahari. Chumvi nyingi inachubua. Mtu akikwambia utie magadi kidogo kwa sababu "ni kama baking soda", mkatalie. Hivyo ni vitu viwili, na magadi ni makali zaidi kwa mbali. Maumivu yakikukosesha chakula, meza paracetamol, mbili za miligramu 500, zisizidi nane kwa saa 24, na kama ini lako lina shida au unakunywa pombe sana muulize kwanza mfamasia. Aspirini imezwe, isiwekwe kwenye fizi. Nimeona fizi iliyolazwa na kidonge cha aspirini usiku kucha, imekuwa nyeupe kama kitunguu kilichochemshwa, na mgonjwa anadhani ugonjwa wake umekua kumbe ameupika mwenyewe. Dawa za kusukutua zenye spiriti ziache. Kama vidonda vinajirudia, tafuta dawa ya meno isiyo na ile sabuni ya kutoa povu jingi. Kwa wengine hiyo peke yake hupunguza vidonda. Kukiwa na kidonda kinachokuzuia hata kumeza mate, daktari anaweza kukupa dawa ya kupaka inayotuliza uvimbe. Na vikija bila kukoma, atapima damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12 nao huota vidonda.

Kuhusu hamu yenyewe. Siku ya 23, nikotini ilishatoka mwilini mwako siku nyingi, na ule wazimu wa siku tatu za kwanza, hasira, usingizi wa mang'amung'amu, umeupita. Kinachobaki kwa madereva ni mkono. Mkono unakwenda wenyewe kwenye dashibodi pale kijaluba kilipokuwa, hasa baada ya chakula na kwenye zile kona za kupandisha mlima usiku. Weka chupa ya maji mahali palepale pa kijaluba, mkono ukifika ukute kitu. Kama unaona utashindwa, msaada wa nikotini ya dukani upo, na kwa mdomo wako ulivyo sasa bandiko la ngozini ni bora kuliko bigijii ya nikotini, ambayo yenyewe inawasha mdomo. Una ugonjwa wa moyo? Ongea na daktari kwanza. Ushauri wa mzee wa kurudisha ugoro kidogo una kasoro moja ambayo yeye haioni: hakuna kipimo cha "kidogo" kwenye kijaluba. Nikotini ya bandiko imeandikwa miligramu zake na inapunguzwa kwa hatua, wala haina magadi.

Sasa safari yako. Usingoje wiki ya sita iishe ndipo uanze kutafuta daktari. Hapo Tanga anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, uombe kuonwa na daktari wa kinywa na meno, ukiwa na picha zako za Jumapili na zile tarehe za vidonda. Mwambie bila kuficha ulikula nini, miaka mingapi, na upande gani uliweka. Wengi huona haya kutaja ugoro, wanasema "nilikuwa navuta kidogo", na daktari anatazama mahali pasipo. Akiona weupe unapungua, atakupa tarehe nyingine. Akiutilia shaka, atakata kinyama kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, kwa sindano ya ganzi, kipelekwe maabara. Utarudi nyumbani siku hiyohiyo, na kuendesha unaweza kesho yake. Kukatwa kinyama hakusambazi ugonjwa, hilo nalo ni la kijiweni.

Na siku ya kwenda, usipake jivii, ile dawa ya zambarau. Ukipaka, rangi zote zinakuwa moja, na daktari atakurudisha nyumbani uje wiki ijayo ikiwa imeondoka.